Mpagazi wa Bati

Jumapili, mwisho wa Agosti. Voi.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya birika la chai, nami nimeinywa hivyo hivyo. Nimerudi kutoka kanisani, nimevua viatu, nimekaa mezani. Sijaandika humu daftarini kwa wiki tano. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilijua tu kwamba nikianza kuandika itabidi niandike ukweli.

Basi nianze.

Miaka ishirini na saba nilikuwa fundi wa breki za mabehewa. Ni kazi ambayo huwezi kusifiwa. Breki ikishika, hakuna anayepiga makofi. Ikikataa, kila mtu analijua jina lako. Nilipostaafu mwaka jana nilidhani nitapumzika, kumbe nilikuwa nazunguka nyumba nikikaza skrubu za vitasa vya milango ambavyo havikuwa na shida yoyote.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Wakesho. Aliwafundisha watoto wangu wote darasa la tatu, na yeye pia amestaafu. Baraza limemwazima vyumba viwili vya ghala la zamani karibu na stesheni, naye akavifanya makumbusho. Halipwi. Mle ndani ana vyungu vya kwetu, mizinga ya nyuki, taa za reli, na zaidi ana vitu vya ile vita ya kwanza ya Waingereza na Wajerumani, ambavyo watu huviokota wakilima au wakichunga upande wa Salaita. Maganda ya risasi, chupa za maji, vifungo, sufuria zilizotoboka. Kuingia ni bure. Mlangoni palikuwa na sanduku la mbao limeandikwa TAFADHALI CHANGIA. Watu walilisoma, wakatikisa kichwa kama waliokubaliana nalo, wakatoka.

Na paa linavuja. Mvua za Aprili ziliharibu picha nne ambazo hazina nakala popote.

Mwezi wa Mei Mwalimu alikuja nyumbani kuniomba niweke kufuli imara kwenye sanduku. Tulipolifungua, ndani tulikuta kifungo cha shati na tikiti ya treni.

"Mwalimu, unamfungia nani?" nikamwuliza. "Wezi si shida yako. Shida ni kwamba mtu akitumbukiza hela, hakuna kinachotokea. Mtu anataka aone hela yake ikifanya kazi."

Nilisema hivyo kwa utani. Usiku sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa tayari nakata bati.

Kwanza nilitengeneza ndege, hondohondo. Unaweka hela kwenye mdomo wake mkubwa, anarusha kichwa nyuma, anameza, kisha anapiga mabawa mara mbili na kutoa mlio kama mlango mkavu. Watoto walimpenda. Kitu nilichofurahia mimi kama fundi ni kwamba senti kumi, ile nyekundu kubwa, ni nzito kidogo kuliko shilingi, kwa hiyo mtoto wa shule na mtalii wa Tsavo wote walipata mabawa sawa.

Lakini hondohondo hana uhusiano na vita, na Mwalimu akaniomba kitu cha kukaa chumba cha ndani. Ndipo nikatengeneza mpagazi.

Alikuwa mtu wa bati mwenye urefu wa mkono, amefungiwa mzigo mgongoni, amesimama chini ya kilima cha mbao. Hela ikidondoka inaachia springi niliyoitoa kwenye gramafoni iliyokufa. Mpagazi anapanda kilima akitingisha matako, tiki tiki tiki. Akikaribia kileleni anajikwaa. Anaanguka chali, miguu inapiga hewani, macho yanazunguka. Kisha anainuka na kurudi nyuma mpaka alipoanzia, tayari kwa hela nyingine.

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Abiria waliokuwa wakingoja treni walitumana: nenda ukaone. Madereva wa malori waliokuwa wakipita barabara kuu kutoka Maungu bila kusimama huku kwetu walianza kusimama. Sanduku lilijaa, tukaweka debe. Mwalimu akaanza kuulizia bei ya mabati mapya.

Mimi nilikuwa naweka kiti changu nje, chini ya dirisha, najifanya nasoma gazeti. Nilikuwa nasikiliza vicheko. Mzee mzima. Nilikuwa najua kwa sauti ni wakati gani anajikwaa na wakati gani miguu inapiga hewa. Sikuwahi katika maisha yangu kusikia watu wakifurahia kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Hilo ndilo ungamo la kwanza.

Jumamosi moja mwishoni mwa Julai alikuja Mzee Kilambo kutoka upande wa Mwatate, na binti yake, Mkamburi. Huyu mzee anakaribia miaka themanini. Wakati wa vita hiyo alikuwa mpagazi, kijana wa kubebeshwa, na Mwalimu alikuwa amemwomba kibati chake cha namba, kile walichovaa shingoni, akiweke kwenye kabati la kioo. Siku hiyo alikuja kukiona mahali kilipowekwa. Alikuwa amevaa koti na tai.

Chumba cha ndani kilikuwa kimejaa wanafunzi. Mzee alisimama nyuma yao akamtazama mpagazi wangu akianguka, mara mbili, mara tatu. Kisha akamwomba Mkamburi hela. Wanafunzi wakampisha kwa heshima. Akaitumbukiza mwenyewe. Tiki tiki tiki, chali, miguu juu, na wanafunzi wote wakaangua kicheko kwa sababu walidhani mzee naye amekuja kucheka.

Yeye hakucheka.

"Nani ametengeneza?" akauliza.

Nilijitokeza haraka. Ninaona aibu kuandika jinsi nilivyojitokeza haraka.

"Ni mimi, Mzee."

"Mzigo tulibeba kichwani. Wewe umemfunga mgongoni kama punda."

Nikamweleza kwamba kichwani mzigo hautulii, unaanguka kila mara, ni taabu ya uzani.

"Hata sisi tulipata taabu hiyo," akasema.

Akaomba hela ya pili. Mkamburi akasita, akampa. Safari hii mzee aliinama karibu kabisa na kilima, akamfuata yule mtu wa bati kwa macho mpaka chini, na mpaka aliposimama tena.

"Huyu wako anainuka," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Mwandoe hakuinuka."

Akaenda kwenye kabati, akakiangalia kibati chake muda mfupi, akamshukuru Mwalimu, akaondoka. Hakugombana na mtu. Mkamburi alibaki nyuma hatua chache akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mwandoe alikuwa kaka wa huyo mzee, na kwamba nyumbani jina hilo huwa halitajwi.

Ningependa kuandika kwamba niliumia moyo. Sikuumia. Nilikasirika. Nilisema moyoni: ni mwanasesere tu, mzee, mbona unaniharibia. Nilikasirika mpaka jioni. Na nilipomwambia Mwalimu, nilitaka aniunge mkono, naye akaniunga, lakini si kama nilivyotaka.

"Fundi, mimi ninamheshimu yule mzee," alisema. "Lakini mvua haina heshima. Mwache mpagazi aanguke mpaka tupate mabati, kisha tutazungumza."

Lilikuwa neno la busara. Jumatatu nikakaa kitini kwangu chini ya dirisha. Wakaja abiria. Nikasikia tiki tiki tiki. Nikasikia kicheko. Na kwa mara ya kwanza, badala ya kumwona mtu wangu wa bati, nikamwona mtu.

Niliingia ndani nikafunga springi kwa waya, nikaweka karatasi: IMEHARIBIKA.

Huo ulikuwa uongo, na Mwalimu alijua. Hakusema na mimi siku mbili.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Kilambo. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani, anachambua mawe. Hakushangaa kuniona. Alisogeza nusu ya maharagwe kwenye ungo mwingine akanipa. Kwa hiyo tulichambua. Nilidhani nitaomba msamaha kwanza, lakini ni vigumu kumwomba msamaha mtu ambaye anakuonyesha jiwe ulilolipita.

Nilimwuliza Mwandoe alianguka vipi. Nilimwuliza hivyo hivyo, kama fundi anavyouliza.

"Hakuanguka," alisema. "Wewe umemfanya aanguke kama mlevi. Mwandoe alikaa. Tulikuwa tumeshapita Maktau, maji hakuna, na alikuwa anahara damu siku ya nne. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, mzigo ameushika kwa mikono miwili usimwagike. Msimamizi akaja akaugawa. Mimi nikaongezewa nusu ya unga wake juu ya unga wangu. Tukaambiwa twende."

Nikaendelea kuchambua.

"Nilikuwa mbele yake tayari. Mtu mwenye mzigo kichwani hageuki, kijana. Ukigeuza shingo, mzigo unakwenda. Mzigo ukienda, unachapwa. Nilimsikia ananiita. Mara ya kwanza kwa jina langu. Mara ya pili kwa jina la utoto, la nyumbani."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Nikaenda."

Mkamburi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia hayo, kwa sababu alibaki amelishika lile bakuli bila kuingia wala kutoka.

Nilimwambia mzee nitamwondoa yule mpagazi, nitamvunja kabisa. Akaniangalia kama mtu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito.

"Umvunje kwa nini? Watu wanakuja kwa ajili yake. Kabla yake nani alikuwa anakuja?"

"Basi nimfanye nini, Mzee?"

"Mimi si fundi."

Tukachambua mpaka maharagwe yakaisha. Nilipokuwa nimeshasimama kuaga, nimeshika kofia, akasema:

"Mfanye ageuke."

Nilirudi Voi juu ya lori la mkonge, na njia nzima nilikuwa nahesabu gia kichwani.

Ilinichukua wiki tatu. Nilimwondolea mzigo mgongoni nikauweka kichwani, na kila nilipogeuza shingo yake mzigo ulianguka. Nilipunguza uzani, ukaanguka. Niliongeza kata ya nguo chini yake, ukaanguka. Nilipunguza mwendo wa springi mpaka shingo ikawa inageuka polepole kama mkono wa saa, bado ukaanguka. Bati lenyewe lilikuwa linanisomea maneno ya mzee. Siku moja niliketi sakafuni kati ya vipande, nikalia kidogo, halafu nikatengeneza uji.

Jibu lilitoka kwenye reli. Injini ya treni haiwezi kupinda shingo yake. Ukitaka iangalie ilikotoka, unaiweka juu ya meza ya chuma inayozunguka, unaizungusha yote. Nikakata duara la bati nikaliweka chini ya miguu yake pale katikati ya kilima. Nikachukua mnyororo wa baiskeli kuukuu. Sasa hela ikidondoka, anapanda, anasimama, na duara linamgeuza mwili mzima, mzigo umetulia kichwani, mpaka anatazama nyuma. Anakaa hapo. Nilimpa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Kisha anageuka tena na kuendelea kupanda.

Nyuma yake, chini ya kilima, sikuweka kitu. Nilitengeneza mtu mdogo aliyekaa, kisha nikamtoa. Sikuona haki ya mimi kumtengeneza Mwandoe.

Jana tulimweka mahali pake.

Niseme wazi mambo yalivyokwenda. Abiria wa asubuhi waliingia na hela zao mkononi, wakingoja kucheka. Mpagazi akapanda, akageuka, akatazama. Wakangoja aanguke. Hakuanguka. Dereva mmoja wa lori akaniambia, "Mzee, yule wa kwanza alikuwa bora," akavaa kofia yake, akatoka. Mama mmoja alibaki peke yake akatumbukiza tena, na tena, kisha akamwuliza Mwalimu kile kibati cha kwenye kabati ni cha nani. Lakini debe lilikuwa jepesi jioni, hilo nalo ni kweli. Mwalimu alilitikisa tu, akaliweka chini.

Mzee Kilambo alifika saa nane mchana, na Mkamburi. Koti lile lile, tai ile ile. Safari hii alikuja na hela yake mwenyewe, ameifunga kwenye leso. Nilisimama kando.

Mzee hakutumbukiza hela. Aliuzunguka ule mtambo wote polepole, akaangalia mzigo, akakubali kwa kichwa. Akaangalia duara. Kisha akanipa ile hela.

"Weka wewe," akasema.

Akaenda upande wa nyuma, chini ya kilima, pale nilipopaacha patupu. Mkamburi alidhani ameishiwa nguvu, akataka kumshika, mzee akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti, taratibu, goti moja na la pili, mpaka uso wake ukawa sawasawa na ubao.

Nikatumbukiza hela.

Tiki tiki tiki. Akapanda. Akasimama. Duara likamzungusha, mzigo ukatulia, na mtu wa bati akamtazama Mzee Kilambo usoni.

Nilikuwa nimempa muda wa pumzi tatu. Sijawahi kujua pumzi tatu ni ndefu hivyo. Mzee alisema neno moja kwa Kidawida, lugha ya kwetu, jina tu. Halikuwa jina la Mwandoe, wala si Kilambo. Nadhani lilikuwa lile la utoto, lake mwenyewe, aliloitwa na kaka yake mara ya pili.

Kisha mpagazi akageuka akaendelea na safari yake, na mzee akamwita binti yake aje amwinue. Akajipangusa magoti. Akaniambia mnyororo unahitaji mafuta, unapiga kelele. Akauliza kama hapo karibu kuna mahali pa kunywa chai.

Tulikunywa chai sote wanne kwa Mwarabu wa kona, na hakuna aliyeyagusa hayo tena. Mzee alizungumzia bei ya maharagwe. Mwalimu, tulipokuwa tukirudi, alisema tu kwamba hondohondo atahamia mlango wa mbele na mpagazi atabaki chumba cha ndani, na kwamba nimtengenezee kingine cha kuchekesha, tumbili labda, mradi asiwe mtu. Nimekubali. Kicheko si dhambi. Ila nitakuwa nauliza kwanza.

Na sasa ungamo la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha hapa mezani badala ya kulala mchana kama Jumapili nyingine.

Leo kanisani, wakati wa maombi, niliwakumbuka wapagazi, kisha nikakumbuka jambo nililokuwa nimelijua siku zote. Mama yangu, ambaye yuko hai, yuko Mgange, haoni vizuri lakini anasikia, alikuwa na kaka mkubwa. Aliondoka nyumbani na kundi la vijana wakati wa vita hiyo hiyo. Hakurudi. Nilisikia hivyo nikiwa mtoto, mara moja, watu wazima wakizungumza, na nilikata bati na kutengeneza mpagazi anayetingisha matako bila hata kulifikiria.

Huyo ni mjomba wangu. Nina miaka hamsini na sita, na sijui jina lake.

Sikuwahi kuuliza.

Kesho kuna gari la kwanza la kupanda Wundanyi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeshaweka sukari na majani ya chai kwenye kikapu. Nitashuka, nitatembea hiyo njia iliyobaki, nitakaa karibu na mama upande wa sikio lake zuri, na nitamwuliza aliitwa nani.